Diski iliyosingiziwa: uchambuzi wa seva ya video za harusi, Isevya

Mwenye seva ni mpiga video wa hapa Tabora mjini. Anapiga harusi, sendofu, kipaimara, mahafali ya kidato cha nne, na familia ikimwita kwenye msiba anakwenda pia. Kazi zote hizo huishia nyumbani kwake Isevya, ndani ya kompyuta ya ofisi iliyotumika ambayo aliigeuza seva kwa kuiwekea TrueNAS, mfumo wa kuendesha seva za kutunza mafaili. Ina diski nne za TB 2 zilizounganishwa na ZFS, mfumo unaopanga na kulinda data kwenye diski, kwa mtindo wa RAIDZ1: diski moja kati ya nne ikifa data inabaki, zikifa mbili umekwisha.

Aliponiita alikuwa na jibu lake tayari. Seva imeandika DEGRADED, yaani kundi limepungukiwa, diski inayoitwa sdc imeandikiwa FAULTED, yaani ina hitilafu, na yeye ameshaagiza diski nne mpya za TB 4 kutoka Kariakoo, zimefika kwa basi. "Fundi, wewe njoo unichomolee hiyo iliyokufa, uweke mpya. Ikishajijenga unafuata ya pili, ya tatu, mpaka zote." Nafasi ilikuwa imejaa asilimia 85, msimu wa mahafali umeanza, na harusi za Desemba zinakuja. Haraka yake niliielewa.

Mpango wenyewe haukuwa wa ovyo. Kundi la diski za ZFS hukuzwa hivyo hivyo: unabadilisha moja, unasubiri ijengwe upya, unaenda kwenye nyingine, na ya mwisho ikishaingia, kama autoexpand, kipengele cha kujipanua, imewashwa, nafasi mpya inajitokeza yenyewe. Nimeshawafanyia watu kazi hiyo na ikaisha salama. Lakini mpango huo umesimama juu ya dhana moja, kwamba diski zinazobaki ni nzima. Hakuna aliyekuwa ameziuliza.

Namba zilisema nini

Kabla ya kushika bisibisi niliendesha smartctl -a, amri ya kusoma afya ya diski, kwa kila diski. Kila diski huweka kumbukumbu za afya yake ziitwazo SMART, zenye mistari mingi ambayo mingine haina maana kubwa na mingine kila kampuni huihesabu kivyake. Mimi huanza na minne. Mstari wa 5 unahesabu sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, ambazo diski imezikataa na kuweka za akiba mahali pake. Wa 197 unahesabu sekta zinazosubiri: diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa, na haitaamua lolote hadi ziandikwe upya. Wa 198 ni zile zilizoshindikana wakati diski inajikagua yenyewe. Wa 199 hauhusu sahani za diski kabisa. Unahesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na ubao mama, na mara nyingi mhusika ni waya.

Mshtakiwa, sdc, alikuwa na sifuri kwenye 5, sifuri kwenye 197, sifuri kwenye 198. Kwenye 199 alikuwa na 1,846.

Diski sda, ambayo seva iliitaja ONLINE bila neno baya hata moja, ilikuwa na sekta 16 zilizokwisha hamishwa na 24 zinazosubiri. Zile mbili nyingine hazikuwa na kasoro isipokuwa umri. Zote nne zilinunuliwa zikiwa zimetumika, na kila moja ilikuwa imeshapita saa 41,000 za kuwashwa.

Sasa upime mpango wa mteja kwa namba hizo. Ukichomoa sdc na kuweka mpya, ZFS italazimika kuijaza hiyo mpya kwa kusoma data yote iliyomo kwenye diski tatu zilizobaki, sda ikiwemo. Pale sda itakaposhindwa kusomeka, hakuna diski nyingine ya kupigia hesabu ya kilichokuwepo, kwa sababu ile iliyobeba sehemu ya nne iko mezani. ZFS ina ustaarabu kuliko kadi za RAID za zamani, zile za kuunganisha diski. Haitupi kazi nzima kwa sekta moja, itakutajia jina la faili lililoharibika na kuendelea. Kwa hiyo bahati ikiwa nzuri angepoteza mafaili machache, yaani sherehe za watu ambazo hazirudiwi. Bahati ikiwa mbaya, sda yenye umri ule ingekata roho katikati ya kusomwa kwa saa nyingi mfululizo, na hapo zinaondoka zote.

Diski iliyoitwa mfu ndiyo ilikuwa ngao ya ile inayoumwa. Kuiondoa kungekuwa kumvua mgonjwa blanketi.

Kuna mtego mwingine hapa ambao huwanasa hata mafundi. Majina sda, sdb, sdc hayajaandikwa kwenye diski. Mfumo huyagawa kila unapowaka, na ukihamisha waya mmoja au ukiongeza flash, sdc ya jana inaweza kuwa sdb ya leo. Anayechomoa diski kwa kuhesabu kutoka juu anacheza bahati nasibu. Nilisoma namba ya utambulisho ya kila diski kwenye smartctl, nikaandika herufi nne za mwisho kwenye plasta nyeupe na kuibandika upande unaoonekana kesi ikifunguliwa. Kazi ya dakika chache, na humu ndani naendelea kutumia majina ya sda na sdc kwa ajili ya msomaji tu.

Kitambaa, vumbi, na waya mwekundu

Seva ilikuwa sebuleni, kwenye kabati la televisheni, imefunikwa kitambaa kile cha kufuma kinachowekwa kwenye makochi. Shemeji alikuwa anaikinga na vumbi, na hakuna wa kumlaumu. Tabora ya Oktoba, kabla mvua hazijashuka, vumbi linaingia hata kwenye sukari. Lakini kitambaa kilikuwa kimeziba matundu ya mbele ambako feni inavutia hewa, na vumbi lilikuwa limeshapita zamani. Nyuma ya feni lilikuwa limeshikamana kama utando. Diski zilisoma nyuzi 51 hadi 53. Diski nyingi za aina ile kikomo chake ni 60, kwa hiyo hazikuwa zimevuka mpaka, ila zilikuwa zinaishi kizingitini mchana kutwa. Baada ya kupuliza na kuondoa kitambaa zilishuka hadi 42. Shemeji akauliza sasa vumbi je? Nikamwambia akivue kitambaa seva ikiwa imewashwa na akirudishe ikizimwa usiku, na hilo tulikubaliana.

Waya wa SATA, ule wa kupitisha data, wa sdc ulikuwa mwekundu, wa zile za bure zinazokuja na ubao mama, hauna kile kibanio cha chuma, na ulikuwa umekunjwa kona kali ili mfuniko ufunge. Nilishawishika kuutupa na kumaliza maneno. Lakini kulikuwa na mshukiwa mwingine wa kumwondoa kwanza. Seva ilikuwa kwenye ekstensheni moja na friji ya barafu, ile ambayo shemeji anauzia lambalamba na maji ya baridi, na kila kompresa ikiwaka taa ya sebule inafifia kidogo. Mtu angeweza kusema ni umeme tu unaoitikisa diski.

Nilitenganisha mambo mawili hayo kwa njia hii. Waya mwekundu niliuhamishia kwenye kompyuta yangu ya kupimia, kwenye diski mpya isiyo na kitu ndani, mbali na friji. Kisha nikaiandikia na kuisoma. Mstari wa 199 wa diski mpya, uliokuwa sifuri, ukaanza kupanda. Nikaweka waya mwingine, ukasimama pale pale. Hesabu hiyo hairudi nyuma milele, kwa hiyo diski ile mpya itabaki na alama yake ndogo ya ushahidi, nami nimeiandika kwenye plasta asije fundi mwingine akaishitaki. Cha kutazama kwenye 199 ni kama inaongezeka, ukubwa wake peke yake hausemi kitu.

Umeme nao ulikuwa na kesi yake, tofauti. Mstari wa 192 unahesabu mara ambazo vichwa vya kusomea vilirudishwa kwa dharura kwa sababu umeme umekatika ghafla. Kwenye diski zote nne ulikuwa juu na karibu sawa, jambo ambalo waya wa diski moja hauwezi kulifanya. Kwa hiyo waya ulikuwa wa sdc, na umeme ulikuwa wa wote. Dawa ya kwanza ni waya, dawa ya pili ni UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, na kuhamisha friji.

Kilichofanywa kwanza

Kabla ya ukarabati wowote nilimuuliza kipi kikipotea atashindwa kumtazama mtu usoni. Swali hilo linapunguza TB nyingi kwa haraka. Harusi ambazo wenyewe wamekwisha kabidhiwa flash zao zilikwenda nyuma ya foleni. Mbele zilikaa picha ghafi za kazi ambazo hazijahaririwa, na folda ya msiba mmoja ambao familia ilikuwa bado inachangishana malipo. Hizo zilinakiliwa kwenye diski ya nje ya USB, seva ikiwa katika hali ile ile ya kuchechemea. Wapo watakaosema ningeanza na ukaguzi wa kundi zima. Sikubaliani nao. Ukaguzi unasoma kila kitu, na diski yenye sekta 24 zinazosubiri ukiitia shuruba ya saa nyingi, ianze kwa kukupa kile usichoweza kukipata tena.

Baada ya hapo waya mpya wenye kibanio, kisha zpool clear, amri ya kufuta makosa yaliyorekodiwa ili diski ipokelewe tena. Hapa ZFS inastahili sifa. Haikuijenga sdc upya kutoka mwanzo. Iliandika tu yale yaliyobadilika tangu ilipofukuzwa, kazi ndogo, na neno DEGRADED likaondoka. Sasa ngao ikiwa imerudi, ndipo nikaendesha scrub, ukaguzi unaosoma kila kipande na kukilinganisha na alama yake. Pale sda iliposhindwa, ZFS ilipiga hesabu kutoka kwa nyingine, sdc ikiwemo, ikaandika upya juu ya sekta mbovu. Mwisho wa ukaguzi: makosa yasiyorekebishika, sifuri. Kwenye sda mstari wa 197 ulishuka kutoka 24 hadi 0, na wa 5 ukapanda kutoka 16 hadi 32. Yaani baada ya kuandikwa, sekta nane zilikubali na kumi na sita zilikataliwa moja kwa moja. Kwa nini zinakwenda kwa nanenane? Diski hizi huandika vipande vya baiti 4,096 ndani lakini huhesabu kwa baiti 512, kwa hiyo kasoro moja halisi husomeka nane.

Sda ilikuwa imepona kwa karatasi. Sikuiamini hata kidogo. Diski ambayo hesabu yake ya 5 imeongezeka mara mbili ndani ya wiki ile ile inatafutiwa mrithi.

Diski mpya nazo zilipimwa

Mteja alishangaa. Mpya unapima nini? Neno mpya kwenye diski siku hizi lina mambo yake. Mwanzoni mwa 2025 wanunuzi wa Ujerumani na kwingineko waligundua diski za Seagate zilizouzwa madukani kama mpya kumbe zilishafanya kazi maelfu ya saa. Kampuni ilisema si yenyewe iliyowauzia wauzaji hao. Kumbukumbu za SMART zilikuwa zimefutwa, ila diski hizo zina kumbukumbu nyingine iitwayo FARM ambayo haikufutwa, na humo saa za kweli zilikuwepo. Programu ya smartctl, kuanzia toleo la 7.4, inaisoma kwa -l farm. Kwa diski za kampuni hiyo ni jambo la kufanya kabla hujatupa boksi. Za mteja zilipita.

Kipimo chenyewe ni badblocks kwa namna ya kufuta: inaandika diski nzima kwa mchoro mmoja, inasoma nzima kulinganisha, kisha mchoro wa pili, hadi minne. Ni mapito manane. Diski ya TB 4 kwa wastani wa MB 150 kwa sekunde inachukua kama saa 7 na nusu kwa pito moja, kwa hiyo kipimo kizima ni saa 60 hivi. Nchi yenye umeme usiokatika, unabonyeza na kwenda zako. Hapa kwetu saa 60 mfululizo ni dua. Nilikata kazi vipande: mchoro mmoja kwa mara moja, kwa kutumia -t, kila kipande saa 15, na umeme ukikatika kinachopotea ni kipande hicho tu. Diski nne kwa pamoja na kompyuta yake zilikula kama uniti 4 za LUKU kwa kipimo chote. Mteja alitaka kujua nani anazilipa. Yeye.

Diski zote nne zilimaliza bila kosa hata moja. Hata hivyo moja niliikataa.

Tatu zilikuwa namba moja ya modeli. Ya nne ilikuwa kampuni ile ile, ukubwa ule ule, modeli nyingine. Mwenye duka aliishiwa, akaweka "hii hii tu, TB 4". Kwenye maelezo ya smartctl kulikuwa na mstari unaosema inakubali amri ya TRIM. TRIM ni amri ya SSD, diski zisizozunguka, ya kuziambia nafasi ipi haitumiki tena. Diski ya kuzunguka ikiijua, kuna dalili kubwa kwamba ni SMR, ile ambayo njia za data zimepandana kama mabati ya paa ili ziingie nyingi zaidi. Ukitaka kubadilisha moja, lazima uandike upya na zilizoilalia. Nikaangalia modeli kwenye orodha ya mtengenezaji, na kweli ilikuwa SMR. Kutunza sinema inafaa. Kujenga upya kundi la ZFS ni mateso. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski za WD Red za TB 2 hadi TB 6 zilikuwa za aina hiyo bila kuandikwa, na jaribio moja lililochapishwa wakati huo lilionyesha diski ya TB 4 ya SMR ikichukua zaidi ya siku 9 kujengwa upya, wakati zisizo za SMR zilimaliza kwa kuhesabu saa tu, si siku. Badblocks haikuiona kasoro hiyo kwa sababu inaandika kwa mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa mwendo huo SMR hukimbia vizuri tu.

Risiti ilitaja modeli ya zile tatu, hivyo mwenye duka hakubisha. Diski ikapanda basi kurudi Dar.

Ubishi wa nafasi

Hapo tulikuwa na diski tatu nzima na sda ambayo sikutaka ilale nasi muda mrefu. Nilipendekeza tusizibadilishe moja moja ndani ya kundi la zamani, maana hiyo ni kuisomesha sda tena na tena. Tujenge kundi jipya pembeni, tuhamishe data kwa mara moja, na la zamani libaki lilivyo. Jipya liwe la jozi: kila diski na pacha wake mwenye nakala ile ile.

"Kwa hiyo kaka, nimenunua TB 16 unanipa 8?" Aliuliza hivyo, na akaongeza kwamba skrini inamsomea 3.64 kwenye diski iliyoandikwa 4, je, na Kariakoo wamempunja? La pili lilikuwa rahisi: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, mfumo unahesabu kwa 1,024, na 4 ya kwanza ni 3.64 ya pili, hakuna aliyeiba. La kwanza lilituchukua muda. RAIDZ1 ya diski nne ingempa TB 12. Lakini jozi ikipoteza diski moja, inayosomwa kuijenga mpya ni pacha mmoja tu, si diski tatu zote. Na siku akitaka kuongeza nafasi atanunua mbili, si nne. Sikumtishia kwa ile hesabu maarufu ya kosa moja kwa kila biti trilioni 100, yaani TB 12.5 zilizosomwa. Hicho ni kiwango cha chini ambacho mtengenezaji anakubali kuwajibika nacho, na watu wanakitumia kama utabiri wa hali ya hewa. Nilimwonyesha tu namba za sda yake. Data yake ilikuwa kama TB 4.9 kwa hesabu ya dukani, na TB 8 zinaitosha na nafasi ikabaki.

Kundi jipya lilianza likiwa nusu: jozi moja kamili, na diski moja peke yake ikisubiri pacha kutoka Dar. Kwa kipindi hicho diski ile ya peke yake ikifa, kundi jipya lote linakufa. Nilikubali hatari hiyo kwa sharti kwamba la zamani haliguswi. Data ilipita kwa zfs send, amri ya ZFS ya kutuma data, kutoka seva kwenda kompyuta yangu kwa waya wa gigabiti, MB 110 hivi kwa sekunde, na upande wa kupokea niliweka -s, ili umeme ukikatika uhamisho uendelee pale ulipoishia. Ulikatika, na uliendelea. Diski ya nne ilipofika ilipita kipimo kile kile cha saa 60 kabla ya zpool attach kuipa pacha wake.

Tatu za zamani zilizo nzima zimefutwa, zikapangwa moja moja, na zinabeba nakala ya kazi ambazo hazijakabidhiwa. Zinakaa kwa mdogo wake Ipuli, hazijachomekwa popote. Sda nimeifungua na kuikwaruza sahani, kwani harusi za watu haziendi sokoni kwenye diski ya mtumba. Seva ina UPS ndogo inayoipa muda wa kujizima kwa utaratibu, na ukaguzi wa kundi zima umepangwa Jumapili mchana mara moja kwa mwezi, kwa kuwa usiku inazimwa; ule wa zamani ulipangwa saa sita usiku, ndiyo maana haukuwahi kufanyika. Kilichobaki ni friji. Ekstensheni imenunuliwa ya pili, lakini zote mbili bado zimechomekwa kwenye soketi moja ya ukutani, na fundi umeme anasubiriwa.